Wanaopakana Nasi

Kaka yangu aliamini kwamba duniani kuna mipaka ya aina mbili: ile iliyowekwa na mwenye shamba kwa jasho lake, na ile iliyowekwa na watu wasiolima. Ya kwanza aliiheshimu kama msalaba. Ya pili aliitemea mate. Nasema haya mapema ili msomaji asije akadhani kaka yangu ni mtu mbaya. Mtu mbaya ningejua la kumfanya.

Alirudi nyumbani Muthetheni kutoka Syokimau, pembezoni mwa Nairobi, baada ya kupunguzwa kazini, mwaka uleule tuliomzika baba. Kule alikuwa ameishi muda mrefu katika mtaa wenye geti moja, askari wa zamu, na ukuta uliovishwa nyaya za umeme juu, na nadhani ukuta ule ulimwingia mwilini. Asubuhi akiwa kwenye treni ya kwenda ofisini alikuwa akisikiliza mihadhara kwenye simu, ya wasomi wa ng'ambo wanaosema kwamba mtu ni mali yake mwenyewe kwanza, kisha kazi ya mikono yake ni yake, kisha ardhi aliyoitolea jasho ni yake, na kwamba serikali ni mgeni asiyealikwa anayekula bila kunawa. Aliporudi alituletea hayo yote pamoja na viti vyake vya sofa, ambavyo havikuingia mlangoni.

Jambo la kwanza alilofanya kwa imani hiyo lilikuwa jema, na aliyefaidika ni mimi. Wazee wa ukoo walikuwa wamesema mwanamke hupata shamba kwa mumewe, na mimi mume sina. Kaka akasimama mbele yao kunitetea. "Huyu ndiye amelima hapa wakati mimi nilikuwa Nairobi nabonyeza kompyuta," akawaambia. "Jasho ni lake. Nani anataka kumwibia?" Akanikatia sehemu ya juu, upande wa barabara, akaleta wapima ardhi, nikapata hati yenye jina langu. Nililia siku hiyo, mimi ambaye hulia kwa nadra na hufoka kila siku. Ndiyo maana baadaye, alipoanza mambo yake mengine, nilichelewa kufoka.

Pamoja na shamba tulirithi mtu. Alikuwa mchuuzi wa mbuzi, Msomali, aliyefika Ukambani akiwa kijana, akifuata mifugo kutoka kaskazini. Baba alimpa chumba cha mawe nyuma ya ghala na mahali pa kujenga zizi, wakawa marafiki wa kugombana. Tulimwita baba mdogo. Kikamba chake kilikuwa kizuri kuliko cha vijana wetu wa mjini. Alikuwa bahili wa majani ya chai na mkarimu wa sukari, kiasi kwamba chai yake ilikuwa uji mtamu usio na rangi, na ukimwambia hivyo alinuna hadi jioni. Mbuzi wake aliwakata sikio la kushoto kwa alama ya pande mbili, kama mkia wa mbayuwayu. Kila nyumba katika utui wetu, yaani kijiji chetu, ilikuwa imewahi kumuuzia mbuzi na kuapa kwamba imepunjwa, kisha ikamuuzia mwingine.

Kitambulisho hakuwa nacho. Kila mtu alilijua hilo na hakuna aliyelijali. Baba alipokuwa hai ilitosha yeye kusema, "Huyu ni wangu," na watu wakaitikia.

Nakumbuka jioni moja tukiwa barazani tunapukuchua mbaazi, kaka akibishana kwa simu na rafiki yake wa Syokimau. Rafiki huyo alikuwa wa imani ileile, lakini alidai kwamba nchi ni kama shamba la familia, na asiyealikwa na familia ni mvamizi. Kaka alisimama, mbaazi zikamwagika.

"Nchi si shamba!" akapiga kelele. "Nani alilima Kenya yote? Wewe umewahi kupalilia Mandera? Mimi nikimkaribisha mtu kwangu, akapita barabarani, akanunua mbuzi yangu kwa hiari yangu na hiari yake, nani ameibiwa? Niambie jina la aliyeibiwa!"

Baba mdogo alicheka mpaka akakohoa. "Wallahi huyu akichaguliwa," akasema, "mimi nitapewa uraia wa zizi."

Sijui kama nimewahi kumpenda kaka yangu kuliko jioni ile. Alimaanisha kila neno.

Kisha akaleta seng'enge.

Lazima nieleze jinsi mpaka unavyowekwa kwetu. Mpaka hupandwa na wawili. Siku ya kuupanda, jirani mmoja huchimba shimo na mwenzake hutia mche wa mkonge, wakifika mwisho wa shamba wanakunywa uji kwenye kibuyu kimoja, na tangu hapo hakuna anayeuliza. Baba alipanda hivyo na mume wa mama jirani, mama wa upande wa chini, ambaye sasa ni mjane. Wazee hao wawili walichimba pamoja pia matuta ya fanya juu, yale ya kutupa udongo upande wa juu ili mvua isiuchukue, wakisaidiwa na watu wa mwethya, kikundi cha kulimiana kwa zamu. Mtaro wa kukinga maji ulianza kwetu, ukapita kwake, ukateremka taratibu hadi mtoni. Maji yetu yalikuwa yakipita kwake kama mtu anayepita kusalimia. Na njia ya kwenda mtoni ilipita kwetu, kwa sababu upande wa chini ukingo wa mto ni mkali, punda hashuki. Mto wetu ni mchanga karibu mwaka mzima, maji yako chini, watu huchimba na kuteka kwa kopo, na punda hubeba mitungi. Njia ya maji haifungwi. Hilo halijaandikwa popote kwa sababu hakuna aliyewahi kufikiri lingehitaji kuandikwa.

Kaka aling'oa mikonge peke yake, yaani kwa vibarua aliowalipa vizuri. Akasimamisha nguzo, akavuta waya, akafunga njia kwa geti la chuma. Upande wa chini akajenga msingi wa mawe na saruji wa kushikilia nguzo, na msingi huo ukaziba mtaro. Nilimwuliza maji yatakwenda wapi.

"Maji yangu nitayashika kwangu," akasema. "Yake ayashike kwake. Vitu vya wote ndivyo huharibika, kwa sababu havina mwenyewe."

Mama jirani alikuja siku ya pili na punda wake. Alisimama nje ya geti, mitungi ikiwa mitupu.

"Mwanangu," akamwita kaka, "sasa punda yangu ipite wapi?"

"Itapita hapahapa, mama. Shida iko wapi? Tuandikiane tu. Nikukodishie njia, hata kwa shilingi moja. Si pesa natafuta. Ni ijulikane kwamba unapita kwa ruhusa."

"Nikodi njia?"

"Ni kanuni, mama."

"Baba yako na bwana yangu walichimba haya yote. Hawakuandikiana."

"Hiyo ndiyo ilikuwa makosa yao," kaka akajibu, tena kwa upole, kama daktari.

Mama jirani alimgeuza punda. Tangu siku hiyo yeye na wanawake wengine wa chini walizunguka kwa barabara kubwa, njia ndefu yenye jua, na mimi nikiwa kwenye shamba langu la juu niliwaona wakipita bila kugeuza shingo. Nilimwambia kaka kwamba yeye anayehubiri hiari kila siku ameua kitu cha hiari kuliko vyote tulivyokuwa navyo. Nani alimlazimisha mtu kuja mwethya? Kidole kimoja hakivunji chawa, nilimwambia. Akasema hiari isiyo na mkataba ni mazoea, na mazoea si haki. Tulifokeana mpaka baba mdogo akatoka kwenye zizi kutuuliza kama tunataka kuuziana.

Mvua ilikuja kama inavyokuja kwetu siku hizi, ikichelewa halafu ikimwaga yote mara moja. Maji yalijaa nyuma ya msingi wa kaka, yakatafuta kona, yakaibomoa, yakaingia kwa mama jirani yote kwa pamoja. Yalikata matuta ya mume wake moja baada ya jingine. Pale kwenye ukingo wa shamba mumewe alikuwa amezikwa, na korongo lilifika hapo. Nilikwenda kutazama mvua ilipokatika. Msalaba ulikuwa umelala, na upande mmoja wa kaburi ulikuwa umeondoka na maji.

Kaka hakukana. Alikwenda kwa mama jirani siku hiyohiyo na kofia mkononi. Akasema ameharibu mali ya mtu na atalipa, kwamba haki ni hiyo, aite mtu yeyote anayemwamini apige hesabu. Mama jirani alikuwa akirudisha udongo kwa beseni. Alimsikiliza hadi mwisho.

"Kaburi huuzwa?" akamwuliza.

Watu wa mwethya walikuja kulijenga upya kaburi. Mimi nilikwenda na jembe langu. Hakuna aliyenifukuza na hakuna aliyenisemesha. Nimelima na watu hao tangu nilipopata nguvu za kubeba jembe, na siku hiyo nilichimba kama kibarua mgeni.

Amri ya kuwapiga msasa, yaani kuwahoji na kuwachuja, watu wasio na vitambulisho ilitufikia baadaye kidogo. Mwanzoni ilikuwa maneno ya sokoni tu, wachuuzi wa mbuzi wakiulizana nani ameitwa na nani ameondoka kabla ya kuitwa. Baba mdogo alitaka kwenda mwenyewe kwa chifu akajieleze. Kaka alikataa kabisa.

"Usiombe mtu ruhusa ya kuishi," akamwambia. "Wewe uko kwangu. Mimi nimekualika. Mpaka pekee unaokuhusu ni huu wa seng'enge, na mwenyewe ni mimi."

Maafisa walipokuja, kaka aliwapokea getini na hakulifungua. Aliwauliza wana hati gani ya mahakama ya kuingia kwenye mali ya mtu binafsi. Hawakuwa nayo. Aliwasomea sheria kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, na nyuma yake nilisimama na panga la kukatia majani ya ng'ombe, ambalo sikuwa na sababu ya kulishika. Wakaondoka. Nilitamani baba angekuwepo auone ushindi huo. Kaka alitembea shamba zima akigusa nguzo zake moja moja.

Lakini ushindi ule ulimfungia baba mdogo ndani. Hakuweza kwenda sokoni, wala mtoni, wala msikitini mjini. Alitembea kutoka zizini hadi getini na kurudi. Chai yake ilizidi kuwa tamu hadi haikunyweka.

"Umenilinda vizuri," akamwambia kaka asubuhi moja. "Umenilinda kama dume la Idi. Sasa nifungulie, niende kwa watu. Mimi si wa kaskazini tena, wala si wa waya. Mimi ni wa watu wa hapa. Waulizwe wao."

Alikuwa na hakika. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo. Alivaa kanzu safi na koti la baba, akachana ndevu, akatutangulia njiani akisalimia kila nyumba, na mimi nikamwamini. Nilimjua mama jirani. Niliwajua wote.

Baraza la kumpiga msasa lilifanyika kwenye ukumbi wa mabati karibu na soko, chifu mbele na maafisa kando yake. Chifu si mtu mkali. Alieleza utaratibu kwa sauti ya mtu anayetaka kufika nyumbani kabla ya mvua.

"Mambo yetu mnayajua," akasema. "Watu wakibishania shamba, tunaita wale wanaopakana nalo. Na leo ni hivyo hivyo. Mwenye boma hawezi kumtolea mgeni wake ushahidi, na ndugu wa damu pia hawezi. Nani anapakana na boma hii?"

"Mimi napakana naye," nikasema, nikasimama. "Niko na hati."

"Wewe ni damu yake. Keti, dada."

Nikaketi na hati yangu. Mtu wa upande wa magharibi, mkulima wa ndengu, aliitwa kwanza. Alisema kwamba yeye hukaa kwake na hana habari za kwa watu. Chifu akamwita mama jirani.

Alisimama polepole. Mabati yalilia kwa joto.

"Mimi nilikuwa namjua mtu mmoja wa mbuzi," akasema. "Alikuwa anapita njia ya mto asubuhi, tunasalimiana, ananiuliza watoto. Njia ikafungwa. Tukaambiwa kila mtu akae kwake, mambo ya ndani ya seng'enge ni ya mwenye seng'enge. Sasa mambo ya ndani, mimi nitayasema namna gani? Siyajui."

"Mwaitu," baba mdogo akamwita, yaani mama yangu, ingawa walikuwa karibu wa rika moja. "Ni mimi. Si unaniona?"

Mama jirani alikuwa akitazama viatu vyake. Nilitaka kupiga kelele na sikuweza, kwa sababu kila alichokisema kilikuwa kweli. Kaka ndiye aliyepiga kelele. Aliruka akasema mtu huyu hahitaji kujulikana na yeyote, hahitaji ruhusa ya kijiji wala ya nchi, ni mtu huru kwenye mali halali, na wote waliokaa pale hawana mamlaka juu yake. Niliona nyuso za majirani zikifungika, mmoja baada ya mwingine. Huenda kulikuwa na mtu wa nyuma aliyetaka kusimama. Baada ya hotuba ile hakusimama mtu.

Baba mdogo alimvuta kaka kwa mkono, akamketisha kama mtoto. "Wacha," akamwambia. "Mama amesema ukweli. Njia ilifungwa."

Maafisa walimchukua baba mdogo kwa gari siku hiyohiyo. Kaka yangu, aliyekuwa akisema serikali ni mgeni asiyealikwa, alizunguka Machakos mjini akitoka ofisi hii kuingia ile, akipanga foleni, akiwaita makarani wadogo "mkubwa." Hakuna aliyejua lolote, au aliyejua alisema faili iko kwingine. Nilikwenda naye mara kadhaa, kisha nikachoka. Nilichoka kwa namna ambayo usingizi hauiondoi.

Simu ilikuja mara moja, kutoka nambari ngeni ya ng'ambo ya mpaka wa kaskazini. Sauti ilikuwa mbali na upepo ulikuwa mwingi.

"Hapa wananiuliza mimi ni wa wapi," baba mdogo akasema. "Nawaambia Muthetheni. Wanacheka."

Akauliza kama yule mbuzi mweupe amezaa. Nikamwambia bado. Nambari ile haijapatikana tena, na kila nikiipiga yule mwanamke wa mashine ananiambia nijaribu baadaye. Nimejaribu. Sina tumaini, na watu wanaoniambia nisikate tamaa wananiudhi kuliko waliokaa kimya.

Kaka alikata waya wa njia ya mto kwa mikono yake, akang'oa geti, akalilaza kwenye nyasi. Alikwenda nyumba hadi nyumba akisema njia iko wazi, bila shilingi, bila karatasi. Watu walimpa kiti na chai. Walimshukuru. Hakuna anayepita. Nyasi zimeota katikati, halafu miiba, na wanawake bado wanazunguka kwa barabara kubwa na punda zao.

Mbuzi wa baba mdogo wako zizini. Kaka anawalisha na kuwaogesha kwa dawa ya kupe. Wamezaa, na watoto wao amewakata alama ileile ya sikio. Wachuuzi wakija anakataa kuuza, na Krismasi ilipofika hakukubali tuchinje hata mmoja. Ni mali ya mwenyewe, anasema, na mali ya mtu haiguswi bila ruhusa yake. Hakuna mtu duniani ambaye mali yake imelindwa vizuri kuliko baba yetu mdogo. Nikimwona kaka akifagia zizi lile nakosa hata hasira, na mimi bila hasira sijui nimebaki nini.

Majuzi mbuzi mmoja alitoroka. Nilisikia hodi kutoka upande wa chini, nikateremka. Mama jirani alikuwa amesimama pale palipokuwa na geti, amemshika mbuzi kwa kamba. Hakukuwa na waya mbele yake wala nguzo, lakini alisimama palepale ulipokuwa.

"Mbuzi ya baba yenu mdogo hii," akasema. "Ilikuwa kwa mahindi yangu."

"Ulijuaje ni yake?" nikamwuliza. Najua niliuliza kwa ukali.

Alilishika sikio la mbuzi, akalipitishia kidole kwenye ile alama.

"Nitakosaje kuijua?" akasema. "Nimemjua huyo mtu miaka yote."

Akaninyooshea kamba. Nilipoipokea aligeuka, akakwepa miiba ya njia, akashika ile ndefu ya barabarani kurudi kwake.